Arobaini na sita na bado F: barua ya wazi kuhusu alama za kufaulu katika vyuo vya uhandisi India

Kwa Waheshimiwa wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wenzenu wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu Kenya, na maofisa mnaoshughulikia wanafunzi katika balozi zetu New Delhi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, mkazi wa Tanga. Shahada yangu ya kwanza niliisomea kusini mwa India. Nimelazimika kuwaandikia kwa sababu ya simu niliyopigiwa mwezi uliopita, saa tano usiku, na mtoto wa dada yangu aliyeko huko mwaka wa kwanza.

"Mjomba, matokeo yametoka. Hesabu wameniandikia F."

"Umepata ngapi?"

"Arobaini na sita."

Mama yake alikuwa kwangu usiku ule. Aliichukua simu mkononi mwangu akauliza swali ambalo mzazi yeyote wa kwetu angeuliza: arobaini si ndiyo kufaulu? Wakala aliyewapeleka aliwaambia hivyo, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi. Sasa arobaini na sita inafelije? Kijana hakuwa na jibu. Akaanza kulia, na dada yangu naye akalia, nikabaki mimi na simu.

Nilimwomba anisomee matokeo yote, si jumla peke yake. Majaribio ya ndani, ambayo huko kila mtu huyaita "intano", alikuwa amepata 31 kati ya 50. Karatasi ya mwisho, inayotungwa na chuo kikuu, alipata 30 kati ya 100, na chuo kikuu huigawa kwa mbili, ikawa 15. Thelathini na moja na kumi na tano ni arobaini na sita, hesabu haikukosewa. Lakini kanuni ya chuo kikuu chake ina milango mitatu: intano usipungue 20 kati ya 50, karatasi ya mwisho usipungue 35 kati ya 100, na jumla usipungue 40. Mpwa wangu alipita wa kwanza, akapita wa tatu, akakwama wa katikati. Kwa kanuni hiyo, hata kama angepata intano zote 50 na jumla ikafika 65, angeandikiwa F vilevile.

Nililijua jibu kabla hajamaliza kusoma, maana na mimi nilikwama mlango huohuo.

Ilikuwa 2009, muhula wa tatu, somo la hesabu. Wakati ule chuoni kwetu intano zilikuwa 25 na karatasi 100, jumla 125. Nilikuwa na 22 za ndani na 34 za karatasi. Jumla 56, na iliyotakiwa ilikuwa 50. Nilipoona herufi ile ubaoni nilidhani ni kosa la uchapaji. Nikaenda ofisini, karani akanitazama kama mtu aliyeuliza jua linachomoza wapi, akasema, "Thelathini na tano," kisha akamwita aliyefuata. Nilikuja kufafanuliwa jioni, kwenye mesi, na mwenzangu wa chumbani, mtoto wa mkulima wa pamba. Alichukua kalamu akachora mistari mitatu nyuma ya daftari langu: huu wa ndani, huu wa karatasi, huu wa jumla. Akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwenu hakuna hivi?"

Lile swali lake ndilo lililonifungua macho. Mwanafunzi wa Kihindi hufika chuoni akiwa tayari ameizoea milango hii. Katika mitihani ya darasa la 12 ya bodi ya CBSE, mstari ni asilimia 33, na kwa masomo yenye vitendo unatakiwa uzipate hizo 33 katika nadharia peke yake, katika vitendo peke yake, na katika jumla. Kwa hiyo hakuna anayemweleza mwenzake jambo hili, kama vile sisi tusivyomweleza mtu kwamba saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza tangu jua litoke. Mwalimu halisemi darasani na chuo hakiliandiki katika barua ya kumpokea mwanafunzi. Mgeni ni kipofu ingawa ana macho, na huyu mgeni wetu amefika na arobaini yake mfukoni, aliyotoka nayo nyumbani.

Maana nyumbani arobaini ni arobaini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, C inaanzia 40, na kozi weki (kazi na majaribio ya muhula) na UE (mtihani wa mwisho) hujumlishwa. Vyuo vingi vya Kenya hujumlisha CAT, yaani majaribio ya ndani, 30 na mtihani 70, na ukifika 40 umepita. Najua baadhi ya vyuo vyetu vinaweka kiwango cha chini cha kozi weki kabla ya kukuruhusu kuingia kwenye UE, lakini mazoea ya wengi ni kwamba kozi weki nzuri inakubeba. Mwanafunzi wetu hujiambia: nimeshavuna 31 za ndani, nikitafuta tisa tu nimemaliza. Huko India mawazo hayo ndiyo yanayomwangusha. Intano nzuri haikubebi, ila inakuongezea daraja baada ya kuwa umeshafaulu karatasi kwa miguu yako.

Waheshimiwa, nimejiuliza miaka mingi kwa nini wameweka mlango wa katikati, na nimekuja kuona kwamba wana sababu. Vyuo vingi vya uhandisi India havitoi shahada vyenyewe. Vimeungwa chini ya chuo kikuu cha jimbo, na chuo kikuu kimoja kinaweza kuwa na vyuo mamia chini yake: Anna University cha Chennai kina zaidi ya 400. Mwalimu anayekufundisha yuko katika chuo cha binafsi kinachotafuta wanafunzi na kinachotaka matokeo yapendeze. Yeye ndiye anayetoa alama za ndani. Chuo kikuu, kilicho mji mwingine, hakimwamini kikamilifu, na si ajabu. Kikiacha intano ziwe mbeleko, kila chuo kitampa kila mwanafunzi 48 kati ya 50 na shahada itakuwa ya kununua. Ndiyo maana karatasi inatungwa mbali, inasahihishwa na mtu asiyekujua jina wala sura, na inawekewa mstari wake peke yake. Kwetu, anayefundisha mara nyingi ndiye anayetunga na ndiye anayesahihisha, basi haja ya mlango huo haikuwa kubwa.

Kwa hiyo sisemi mstari ushushwe. Naliweka wazi mapema, kwa sababu najua barua za namna hii husomwa kama kilio cha wazembe. Aliyepata 30 kati ya 100 katika hesabu za uhandisi hajaziiva, na mimi mwenye 34 sikuwa nimeziiva. Ninachosema ni kwamba sisi wawili tuliingia katika chumba cha mtihani tukiwa tunatafuta namba isiyokuwepo.

Na namba yenyewe haiko moja. Hapa ndipo mawakala wanapowapoteza watu, kwa sababu husema "India pasi ni arobaini" kana kwamba India ni shule moja. Baraza la elimu ya ufundi la taifa, AICTE, linasimamia vyuo na kutoa mitaala ya mfano. Tume ya vyuo vikuu, UGC, ilitoa ngazi ya pointi kumi, kuanzia O yenye pointi 10 hadi P yenye pointi 4, na F yenye sifuri. Lakini alama ngapi ndizo zinazokupa hiyo P, kila chuo kikuu kinajipangia. JNTU, chuo kikuu cha teknolojia cha Hyderabad, katika kanuni zake za 2022, inataka 14 kati ya 40 za ndani, 21 kati ya 60 za karatasi, na jumla 40. Anna University inataka asilimia 45 ya karatasi ya mwisho, na jumla isiyopungua 50. Chuo Kikuu cha Mumbai, katika mpango wake wa alama 80 na 20, kilidai 32 kwa 80 na 8 kwa 20, kila kimoja peke yake. Mwanafunzi mwenye jumla ya 43 anaweza kuwa amefaulu Hyderabad na kufeli Chennai, miji iliyoachana kwa usiku mmoja wa treni.

Juu ya hivyo, kuna vyuo vilivyopewa mamlaka ya kujiendeshea mitihani, na hivyo vina kanuni zao. Kuna pia IIT, vyuo vya teknolojia vya serikali kuu, ambako kwa kawaida hakuna mstari uliochorwa kabla. Walimu huangalia darasa zima limefanyaje, ndipo wanapokata madaraja. Alama ile ile inaweza kukupa daraja tofauti kutegemea umekaa na akina nani.

Hata jina la kufeli hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Tamil Nadu watasema una "ariya", Karnataka na Telangana "beklogi", Mumbai "KT", Delhi na Uttar Pradesh "beki". Wazazi wetu hupigiwa simu wakaambiwa "nina KT mbili" wakadhani ni vyeti. Sisi tuna sapu (mtihani wa marudio), keri (somo unalolibeba mwaka unaofuata) na disko (kuondolewa masomoni), na kila mwanafunzi wa kwetu anajua tofauti zake usingizini. Beklogi ya India imekaa katikati ya sapu na keri: unaendelea na masomo ya mbele huku lile la nyuma umelibeba, unalirudia chuo kikuu kinapotoa karatasi yake, na mara nyingi intano zako za zamani zinabaki zilezile. Yakizidi idadi au krediti ulizopata zikipungua, hupandi mwaka. Huko huitwa "iya-beki". Muda wa mwisho wa kumaliza ni mrefu, JNTU Hyderabad kwa mfano inaruhusu miaka minane kwa kozi ya minne, na urefu huo unawadanganya vijana wetu. Mwenyeji anaweza kuibeba beklogi miaka mitatu akiwa kwao. Mgeni ana viza ya mwanafunzi, na kuiongeza kunahitaji barua ya chuo inayothibitisha kwamba bado anasoma. Kila muhula wa ziada ni ada ya mtihani, kodi ya chumba na foleni ya uhamiaji.

Nirudi kwenye karatasi yenyewe, kwa sababu kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia.

Karatasi yangu ya 2009 ilikuwa na maswali nane, sehemu mbili za maswali manne manne. Tulitakiwa kujibu matano, angalau mawili kutoka kila sehemu. Mimi nilikuwa nimesoma sehemu ya kwanza kwa bidii na ya pili nimeipitia juu juu. Nikajibu manne ya kwanza na moja la pili. Baadaye, nilipolipia nakala ya kitabu changu cha majibu, nikaona swali moja la sehemu ya kwanza limesahihishwa kisha likapigwa mstari mwekundu: halihesabiwi, limezidi. Nilikuwa nimelijibu vizuri. Niliomba kusahihishiwa upya, nikalipa tena, ikarudi 34.

Karatasi ya mpwa wangu imebadilika umbo lakini mtego ni uleule. Mtaala umegawanywa moduli tano. Kila moduli ina maswali mawili, unachagua moja, la alama 20. Ukiacha moduli moja umeacha alama 20 mlangoni, hakuna swali jingine la kuziba pengo. Ukiacha mbili, unawania 60, na kati ya hizo unatafuta 35. Kijana wetu aliyezoea karatasi za kwetu, zile za "jibu swali la kwanza na mengine mawili uyatakayo", hujifunza kuchagua mada na kuzichimba. Ni ujuzi mzuri nyumbani. Huko ni bora ujue kidogo cha kila moduli kuliko kuijua moja mpaka mwisho. Nilipoirudia karatasi yangu nilifuata njia hiyo, nikapata 61. Akili zangu zilikuwa zilezile, na mtaala ulikuwa uleule.

Mahudhurio nayo ni mlango, tena unafungwa kabla ya mtihani. Vyuo vikuu vingi vinataka asilimia 75 ya vipindi, na Anna University na JNTU Hyderabad huweza kumsamehe aliye kati ya 65 na 75 mwenye sababu ya ugonjwa au nyingine inayokubalika. Chini ya hapo hupewi "holi tiketi", yaani kibali cha kukaa kwenye chumba cha mtihani, na somo zima unalianza upya. Vijana wetu hufika wakiwa wamechelewa. Viza imechelewa, ada imechelewa benki, na wengine wanaingia darasani wiki ya tano, vipindi vya wiki nne vimeshahesabiwa wakiwa bado Dar es Salaam au Mombasa. Wanaanza muhula wakiwa na deni ambalo hawajaambiwa kwamba lipo. Nimeona binti mmoja kutoka Arusha, mwenye akili kuliko sisi sote, akizuiwa kufanya masomo sita kwa namna hiyo. Alirudi nyumbani Desemba hiyo na hakurejea tena India.

Sasa nihamie kwenu, Waheshimiwa, kwa maana mpaka hapa nimeeleza mambo ya watu wa mbali ambao barua yangu haiwezi kuwalazimisha kitu.

Nyinyi mna mlango wenu. Mtanzania anayekwenda kusoma nje hupata kwenu cheti cha kutokuwa na pingamizi, ile NOC. Mnaangalia chuo kimesajiliwa, kozi inatambuliwa, na sifa za mwombaji zinatosha. Ombi langu la kwanza ni mwongeze karatasi moja katika faili hilo: ukurasa wa kanuni za kufaulu wa chuo kikuu kitakachotoa shahada, wa mwaka huo wa masomo, wenye mfano wa hesabu uliofanyiwa kazi. Namaanisha chuo kikuu kinachotoa shahada, wala si chuo kishiriki peke yake. Wazazi wengi hawajui kwamba jina lililo kwenye lango la chuo na jina litakaloandikwa juu ya cheti ni vitu viwili. Kanuni hizi si siri. Vyuo vikuu huzichapisha, ila ndani ya vitabu vya kurasa nyingi vilivyoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na hubadilika kila baada ya miaka michache, ndiyo maana kijana wa 2022 haongozwi na kaka yake wa 2018.

Wakala naye atie sahihi chini ya ukurasa huo. Huyu ndiye anayepokea fedha za mzazi, basi na awe ndiye aliyesoma kanuni kwanza. Yule aliyemwambia dada yangu arobaini sidhani alikusudia kudanganya. Hakuwa anajua, na hakuna aliyemdai ajue.

La pili linahusu mwisho wa safari, mtu anaporudi na cheti. Vyuo vikuu vya India hutoa wastani wa pointi kumi, CGPA, na kila kimoja kina njia yake ya kuugeuza kuwa asilimia. Chukua mtu mwenye 7.0. Kwa jedwali la AICTE, linalotoa pointi 0.75 kisha kuzidisha kwa kumi, ana asilimia 62.5. Kwa JNTU Hyderabad, inayotoa 0.5, ana 65. Kwa Anna University, inayozidisha kwa kumi bila kutoa kitu, ana 70. Kwa kipimo cha Dar es Salaam, 62.5 ni B+ na 70 ni A. Ofisi moja niliyopeleka cheti changu, ambayo sitaitaja, ilichukua wastani wangu ikaugawa kwa mbili ili ufanane na GPA yetu ya tano, ikaandika namba hiyo kwenye fomu, nami nikaishi nayo. Hakuna kanuni niliyoonyeshwa. Kwetu A inaanzia 70 na hakuna kitu juu yake. Katika ngazi inayotumika huko na vyuo vingi, 70 ni A lakini juu yake kuna A+ na O, na msahihishaji wa karatasi ya uhandisi hatoi 90 kama njugu. Kuugawa kwa mbili wastani wa pointi kumi kunadhani kwamba ngazi hizi mbili zina vidato sawa, na hazina.

Naomba basi mtoe jedwali rasmi, lijulikane, linalotumia njia ya chuo kikuu husika na siyo kubahatisha kwa karani. Bodi ya Usajili wa Wahandisi na waajiri walisome hilohilo. Na mnapoona kwenye nakala ya matokeo kwamba somo lilifaulishwa kwa jaribio la pili, kumbukeni kwamba mwenye somo hilo pengine alikuwa na jumla ambayo nyumbani ingemwandikia C.

Kwa maofisa wa ubalozi, ombi langu ni dogo na linahusu tarehe. Msisubiri sherehe za uhuru kukutana na wanafunzi. Jaribio la kwanza la ndani hufanyika wiki chache tu baada ya muhula kuanza. Kabla ya hapo, mwanafunzi mgeni anatakiwa awe ameshasikia mambo manne kutoka kwa mtu anayezungumza lugha yake: milango ni mingapi, karatasi imegawanywaje, mahudhurio yanahesabiwa tangu lini, na beklogi inafanya nini kwenye viza. Saa moja inatosha. Wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wako tayari kuifanya kazi hiyo. Sisi tuliifanya kwa miaka miwili, bila barua wala posho, chumbani kwangu, watu kumi na saba wamekaa vitandani na sakafuni. Tulichokosa ni orodha ya waliofika na simu moja ya ofisa kwa mkuu wa chuo ili tupewe ukumbi.

Jambo hili halitabaki ng'ambo tu. Mwaka 2023 IIT Madras ilifungua kampasi yake Zanzibar, Bweleo, ya kwanza ya IIT nje ya India. Nilifurahi kama mtoto. Sasa kijana wa Pemba anaweza kusoma chini ya jina hilo akarudi kwao kwa boti. Lakini na huko Bweleo kuna madaraja ya mtindo wa India, kuna S juu kabisa na U chini, na kuna mzazi wa Chake Chake atakayeuliza U ni nini. Mngeanza na huyo, aliye karibu, mkaona kama ukurasa mmoja unafaa, kabla ya kuupeleka mbali.

Dada yangu aliniuliza, baada ya kumwelewesha kila kitu mpaka saa saba usiku, kwa nini nilikuwa nayajua yote haya na sikumwambia mwanawe kabla hajapanda ndege. Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna wakati sikuyajua. Nadhani ndivyo ilivyo kwa wote waliopita njia ile: ukishafaulu, mlango unausahau. Ndiyo maana naleta jambo hili kwenu wenye ofisi, mafaili na mihuri, kwa kuwa kumbukumbu za wajomba hazitoshi.

Nimeambatanisha ukurasa niliomwandikia mpwa wangu usiku ule. Una mistari mitatu, mfano wake wa 31 na 15, na moduli tano zilizoandikwa kila moja alama 20. Unaweza kunakiliwa bila kunitaja. Anarudia karatasi ya hesabu mwishoni mwa muhula huu. Jana amenitumia picha ya ukuta wa chumba chake, ameubandika juu ya meza, na namba 35 ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjomba wa mwanafunzi, Tanga